Mwalimu wa Bata Mzinga

Jumamosi, siku ya 1

Vifaranga wa bata mzinga ishirini na wanne wamefika saa tatu asubuhi ndani ya boksi lenye matundu. Wote wazima. Nimewahesabu mara mbili, maana aliyeniuzia anacheka hovyo, na mtu anayecheka hovyo huhesabu hovyo. Nimewaweka stoo ya vitambaa. Marobota nimeyahamishia chumbani kwangu, chini nimemwaga maranda ya mbao unene wa sentimita saba, nikazungusha karatasi ngumu ikawa duara ili kusiwe na kona ya kurundikana na kukoseshana pumzi. Taa mbili za joto. Nyuzi 35. Kanuni kumi na nne nimeziandika kwa kalamu nene na kuzibandika ukutani. Ya sita nimeipigia mistari miwili: WASICHANGANYWE NA KUKU.

Saa nane mdogo wangu akaleta mzigo wa pili. Baba.

"Dada, ni mpaka mvua zikatike tu. Paa langu linavuja na fundi ananizungusha."

"Mvua zikatike lini?"

"Miezi miwili. Na kidogo."

"Kidogo ni siku ngapi?"

Akacheka. "Ndiyo maana mafundi wako wanakuita Mama Rula."

Yeye amesoma, ana haki ya kucheka. Baba akateremka garini na begi moja na kofia ya sufu, akaiangalia nyumba, akaniangalia mimi, kama mpangaji anayekagua chumba.

"Hujambo, mama. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

Niliambiwa amesahau mengi. Sikuambiwa kwamba na mimi nimo katika hayo mengi.

Daftari halicheki, kwa hiyo naandika. Nina miaka hamsini na mmoja. Nilizaliwa na kilo mbili kasoro robo. Baba alikuwa muuza duka, aliniweka juu ya mizani yake mwenyewe, akasema, "Basi hiyo robo iliyokosekana ndiyo jina lake." Akaniita Robo mpaka nilipofika darasa la saba, nikiwa wa kwanza kwa hesabu kati ya wanafunzi mia moja na kumi na wawili. Hapo akanitoa shule ili mdogo wangu aendelee. Tangu siku ile nikawa "wewe" na "binti". Robo alikwisha. Nilianza na cherehani ya kuazima, leo nina karakana ya vyerehani sita, na tunashona nini? Sare za shule.

Miaka thelathini na saba. Nataka kitu kimoja kabla hajasahau vyote: aniite. Mara moja inatosha.

Jumapili, siku ya 2

Mmoja amezama kwenye sahani ya maji yenye kina cha sentimita mbili. Nimejaza gololi. 23.

Jumatatu, siku ya 3

Wawili wamekufa. Nimewapapasa matumbo, hamna kitu. Chakula kipo, wamesimama juu yake, wanakikanyaga na kukinyea, na wanakufa njaa. Nimegonga sahani kwa kidole mpaka ukucha umeuma. Wananiangalia kwa jicho moja, kichwa upande, kama wazee wa baraza. Wanadonoa kifungo cha mkono wa gauni langu. Wanadonoa uzi. Chakula, la. 21.

Jumanne, siku ya 4

Asubuhi watatu wamelala chali. 18.

Nilikuwa nawaweka kwenye gazeti Baba alipoingia stoo amevaa kofia na shuka begani. Akasimama mbele ya ukuta, akasoma kanuni zote kumi na nne kwa sauti ya mtangazaji wa redio, hata ile mistari miwili akaisoma: "Mstari, mstari." Kisha akainama juu ya duara.

"Mwenye nyumba, hawa hawana mwalimu."

"Mwalimu wa nini, Baba?"

"Bata mzinga hazaliwi na akili ya kula. Akimwona mwenzake anadonoa, naye anadonoa. Tafuta kifaranga wa kuku mmoja. Mmoja tu, asiwe mkubwa."

"Kanuni ya sita inasema wasichanganywe."

"Kanuni imewahi kuzika mtu?"

Nilipiga hesabu. Sita wamekufa kwa siku tatu. Wawili kwa siku. Waliobaki ni wa siku tisa. Nikaenda kwa jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Ufunguo. Tunamwita hivyo kwa sababu shingoni hutembea na funguo saba, na mmoja wake ni wa lango dogo kati ya ua wake na wangu. Ana kuku thelathini. Ndiye anayekaa na Baba asubuhi nikiwa karakana, na hataki shukrani, anataka umbea.

"Chukua huyu, katotolewa jana," akasema. "Lakini utamrudisha, shoga. Namjua kwa doa lake la mgongoni, usinibadilishie."

Nikamtia ndani ya duara. Hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye sahani akaanza kudonoa kama aliyechelewa kazini. Bata mmoja akainamisha kichwa. Akadonoa. Wa pili. Nilitazama saa: dakika kumi na saba, na kumi na saba walikuwa wanakula.

Mmoja tu alibaki pembeni, mdogo kuliko wote, kidole cha mguu wa kushoto kimepinda. Baba akamwokota, akampakata kiganjani, akachovya mdomo wake kwenye kiini cha yai la kuchemsha.

"Kula. Kula, Robo."

Nilikuwa nimeshika ndoo. Ndoo ikabaki palepale ilipokuwa, hewani.

"Umemwitaje?"

"Robo. Si unamwona alivyo? Mimi nilikuwa na..." Akatafuta neno, akalikosa, akaniangalia kwa adabu. "Mwenye nyumba, chai ipo?"

Chai ilikuwepo.

Jumatano, siku ya 5

Hakufa mtu. 18.

Jumapili, siku ya 9

18. Kifaranga wa kuku sasa anaitwa Mwalimu. Akienda kunywa, wanakwenda kunywa. Akilala, wanalala, na bata mzinga hulala vibaya: anajitupa ubavu, shingo amenyoosha, bawa moja kalifungua, mpaka unadhani amekufa. Kwa siku nne nimewagusa mmoja mmoja kuhakikisha. Wanaamka wamekasirika.

Sikujua kwamba ndege anaweza kuwa na kiherehere. Kuku anakujia kwa ajili ya mkono wenye chakula. Hawa wanakuja hata mkono ukiwa mtupu, kuona tu umevaa nini leo. Nimekaa chini kubadilisha maji, sita wamepanda mapajani, mmoja begani, ananinong'oneza sikioni sauti kama filimbi iliyoingia maji. Nimechelewa karakana dakika arobaini. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kuchelewa hata tano.

Ijumaa, siku ya 14

Siku kumi za Mwalimu zimetimia. Nimemrudisha kwa Mama Ufunguo. Doa lilikaguliwa, likaonekana ni lenyewe.

Bata wamelia mchana kutwa. Baba akaja karakana nyuma yangu, nyuzi zimemganda kwenye kofia.

"Mwalimu kahamishwa?"

"Kahamishwa, Baba."

"Na wanafunzi?"

"Wanajua kula sasa. Wamemaliza."

"Siku kumi na nne," akasema, "mtu hajamaliza."

Mafundi wangu wote wakainamia vyerehani vyao. Jibu nilikuwa nalo, la tangu darasa la saba, lakini kulikuwa na wateja.

Jumatatu, siku ya 17

Mvua. 18.

Jumamosi, siku ya 22

Mvua, siku ya tatu mfululizo. Wameota manyoya ya mbawa, shingo bado uchi, sura za makarani wenye njaa. Nyuzi 26.

Baba akikohoa, wote kumi na wanane wanaitika kwa pamoja, sauti moja, mara moja, kisha kimya. Amegundua leo. Akakohoa tena kwa makusudi. Wakaitika. Akacheka mpaka kofia ikadondoka, Robo akaingia ndani yake akalala.

Sijamsikia Baba akicheka tangu nikiwa na urefu wa kaunta yake.

Jumatano, siku ya 26

Mimi nimekohoa. Hawakuitika.

Ijumaa, siku ya 28

Nimewapima. Mkubwa gramu 905. Robo 410. Baba alisimama pembeni ya mizani, akanisukuma kidogo kwa kiwiko, akasoma mwenyewe. "Usimsemeshe kwa ukali, mwenye nyumba. Ni mdogo lakini ana kichwa."

Mtu mzima na vyerehani vyangu sita, namwonea wivu ndege wa gramu mia nne na kumi. Nimeliandika ili nilione jinsi lilivyo la kijinga. Nimeliona. Wivu bado upo.

Mdogo wangu alipiga simu kuuliza hali. Nikamwambia Baba anakula, analala, anaota jua likiwepo. Akauliza, "Amekujua?" Nikasema fundi wako kamaliza paa? Akasema bado. Fundi gani huyo anayeshindwa na paa moja mwezi mzima? Mwaga hela ya elimu yote hiyo halafu ushindwe na fundi wa paa.

Jumatano, siku ya 33

Mvua imepumzika, nimewatoa nje kwa mara ya kwanza. Walisimama kizingitini kama mabibi harusi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Baba akatoka, akakohoa, wakamfuata. Robo kwapani mwake, miguu inaning'inia. Kila kilichopita juu walikitazama kwa jicho moja wote kwa pamoja: ndege, jani, wingu.

Nimemwonyesha Mama Ufunguo kufuli la lango dogo, nikamwambia lisifunguliwe. Akauliza kwa nini. Nilikuwa na sare mia sita na arobaini za kukabidhi kabla ya muhula kuanza. Nikamwambia ni kanuni.

Jumatatu, siku ya 38

18. Mkubwa wao ameanza kutanua mkia. Mkia wenyewe una manyoya saba. Anatembea mbele ya cherehani yangu mbovu iliyoko uani, anaitisha. Cherehani haijaogopa.

Jumatano, siku ya 40

Baba analowa. Nikirudi mchana nakuta viatu vyake vyeusi vimelowa, koti limelowa. Mama Ufunguo anasema anatembea uani na bata wake, nani atamkataza? Kikohozi si cha mchezo tena. Bata wanaitikia vilevile, hawajui tofauti.

Jumatatu, siku ya 45

Mmoja amejitenga, kichwa kimezama mabegani, mbawa zinaburuta. Kinyesi cha njano kali. Saa tisa amekufa. 17.

Jumanne, siku ya 46

Wawili. 15. Nikamwita daktari wa mifugo, kijana mnyenyekevu mwenye buti za plastiki. Akampasua mmoja juu ya gazeti, akanionyesha ini: madoa ya mviringo, duara ndani ya duara, kama sufuria zilizoachwa juu ya meza zikachoma alama.

"Mmewachanganya na kuku?"

"Siku kumi, kifaranga mmoja, aliyetotolewa jana yake. Nikamtoa tarehe yake."

"Huyo hana kosa, mama. Haya yanatoka kwenye ardhi waliyonyea kuku wakubwa. Kuku anatembea nayo hata haugui. Bata mzinga akidonoa hapo, ndiyo haya. Hawa wamekuwa kwenye ua wa kuku, na si mara moja."

"Haiwezekani. Lango lina kufuli."

"Kufuli, mama, lina ufunguo."

Sikungoja anawe mikono.

Mama Ufunguo alikuwa anachambua mboga. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo na mengine ambayo sikujua ninayo: kwamba nimemwamini na nyumba, nimemwamini na baba yangu, naye kazi yake ni kufungua yasiyomhusu, milango na midomo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kisu chini.

"Nimelifungua. Kila siku, saa nne, tangu walipotoka nje. Uliniambia kanuni. Hukuniambia kifo."

"Ningekwambia ungeelewa?"

Akaniangalia sana. "Kesho saa nne usiende karakana. Jibanze nyuma ya tangi la maji uone kwa nini nafungua. Ukishaona, uje unitukane vizuri. Leo umetukana nusu."

Jumatano, siku ya 47

Saa nne kasoro dakika tano nilikuwa nyuma ya tangi. Manyunyu.

Baba akatoka. Amevaa koti, amefunga vifungo vyote, viatu vyeusi amevipiga rangi. Robo kwapani. Akakohoa, wale kumi na wanne wengine wakaja mbio, wakajipanga nyuma yake, wakubwa mbele, kama watu waliofanya hivyo siku nyingi. Akawahesabu kwa kidole. Akafika kumi na tano akasimama, akarudia. Akatikisa kichwa. Wakaandamana mpaka lango dogo.

"Mama, tumefika."

Kufuli likafunguka. Mama Ufunguo aliniangalia juu ya bega la Baba.

Kule ndani, kwenye matope na kinyesi cha kuku thelathini, alikuwepo Mwalimu na doa lake la mgongoni, ameshaota mkia. Baba akamweka Robo chini mbele yake.

"Mwalimu, shikamoo. Nimewaleta. Leo watatu hawapo, wanaumwa, utawasamehe."

Nikatoka nyuma ya tangi. Nilikuwa nimejaa kelele mpaka shingoni.

"Baba! Unafanya nini hapa?"

"Aa, mwenye nyumba." Akavua kofia kwenye mvua. "Nawaleta shule."

"Nani kakwambia uwalete shule?"

"Kwani mpaka mtu aambiwe?"

"Kanuni ya sita..."

"Nimeisoma. Ni nzuri, imeandikwa na mtu mwenye akili." Akaivaa tena kofia. "Lakini sikiliza. Mimi nina binti. Hesabu zake zilikuwa kama wembe. Mwalimu wake alinifuata dukani, akaniambia mzee, huyu usimguse. Nikamtoa. Kwa mkono huu. Alikuwa na daftari kifuani, akaniuliza, Baba, mpaka lini? Nikamwambia mpaka mambo yakae sawa. Hayakukaa. Na lile jina lake sikuweza tena kulitamka, mwenye nyumba. Kila nikilianza linanikaba hapa." Akajigusa koo. "Sasa huyu," akamwonyesha bata mwenye kidole kilichopinda, "huyu hatoki. Hata inyeshe mawe."

Nilikuwa na hotuba ya miaka thelathini na saba. Nimeifanyia mazoezi nikikata vitambaa, nikipiga pasi, nikifunga mahesabu ya mwaka. Nimeitafuta pale langoni. Nilichopata ni maneno manne.

"Viatu vyako vimelowa, Baba."

Nikamshika mkono nikamrudisha ndani. Bata wakafuata. Mama Ufunguo akafunga lango, nikasikia funguo zake zikigongana. Nilirudi jioni kumwomba radhi. Akasema, "Radhi nimekupa asubuhi ulipomwambia viatu vimelowa."

Alhamisi, siku ya 48

Wawili. 13. Dawa ipo kwenye maji, waliougua nimewatenga, maranda yote nimechoma. Daktari wa mifugo anasema atakayepita wiki mbili amepona. Robo anakula.

Nimebandua kanuni ukutani. Saa nne Baba alisimama mlangoni na koti lake. Nikamwambia shule imefungwa, mvua. Akakaa kwenye kiti akiwa amevaa viatu, akasubiri ifunguliwe.

Jumamosi, siku ya 50

Mmoja. 12. Baba ana homa. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ni muuguzi. Kwa simu ameniuliza anapumua mara ngapi kwa dakika. Nikahesabu: ishirini na nane. "Wifi, mpeleke hospitali leo."

Saa moja na dakika arobaini za barabara mbovu. Nimonia. Nimemlowesha mwenyewe kwa kutomuuliza anakwenda wapi.

Jumatatu, siku ya 52

Mmoja. 11. Baba amerudi na dawa.

Jumanne, siku ya 53

Mmoja. 10. Mvua inapungua.

Jumatano, siku ya 54

Kinyesi cha Robo ni cha njano.

Ijumaa, siku ya 56

Nimeshinda nyumbani siku mbili. Karakana wamekabidhi sare wenyewe, sijui kama mikunjo ilikaa sawa, sijauliza.

Nilimweka kwenye kofia ya zamani ya Baba, chini ya taa. Hakula jana. Leo asubuhi nilichemsha yai, nikachovya mdomo wake kwenye kiini kama nilivyoona ikifanywa. "Kula," nikamwambia. Jina sikuweza kulisema. Lilikuwa langu, lilikuwa lake, sikujua namwita nani. Saa tano kasoro robo nikalisema. "Kula, Robo." Akafungua jicho moja, lile la kunikagua. Akadonoa kiini mara moja, kwa heshima, kama mgeni aliyeshiba anayeonja ili usijisikie vibaya. Kisha akanyoosha shingo, akafungua bawa moja, akalala ubavu.

Ndivyo wanavyolala. Nilijiambia hivyo kwa dakika kumi na mbili kabla sijamgusa.

Gramu 890. Nimempima, sijui kwa nini. 9.

Chumba cha pili Baba alikohoa, na wale tisa wakaitika.

Jumamosi, siku ya 57

Jua tangu asubuhi. Matope yanapasuka.

Nimefanya hesabu mara nne na kila mara inatoka ile ile. Kutoka kwa mdogo wangu mpaka hospitali ni dakika nane. Kutoka kwangu ni mia moja. Kwake kuna muuguzi ndani ya nyumba. Kwangu kuna fundi cherehani aliyemwacha anyeshewe siku kumi na nne. Daktari wa hospitali amesema kifua kile hakitastahimili nimonia ya pili.

Nimempigia simu mdogo wangu. "Njoo umchukue."

Jumapili, siku ya 58

Amefika saa sita. Nikamkalisha jikoni, nikamuuliza habari za paa, mradi tu niseme kitu.

"Dada, paa langu halivuji."

"Unasemaje?"

"Halijawahi kuvuja. Baba alikuwa anaamka kila siku, anapiga viatu rangi, anataka kwenda kumrudisha Robo shule. Nimemfungia mlango wiki tatu. Anagonga, anasema wanachelewa. Nikaona nimlete kwa Robo mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungempokea?"

Nisingempokea. Mdogo wangu alikuwa anazungusha kikombe, kichwa chini, nywele zimeanza mvi nami sikuwa nimeziona.

"Kila cheti nilichopata," akasema, "Baba alikigeuza juu chini kukitazama, kama anatafuta jina lingine. Nilijua nimekalia dawati la nani, dada. Sikujua namna ya kuamka."

Miaka yote nimemhesabu kuwa ni yeye aliyepata. Nikamwongeza chai.

Tulimtoa Baba tukimshika huku na huku. Ameisha, bega lake linaingia kiganjani. Tukamkalisha kiti cha mbele, blanketi magotini. Mdogo wangu akawasha gari, na hapo Baba akaanza kupapasa: kwapani, ndani ya koti, chini ya blanketi.

"Robo yuko wapi?"

Akashika kitasa cha mlango.

"Siondoki. Robo yuko wapi? Nilimwacha hapa. Mwenye nyumba, Robo yuko wapi?"

Mdogo wangu akanitazama. Alijua kuhusu ndege, nilishamwambia. Nikazunguka gari, nikainama dirishani mpaka uso wangu ukawa mbele ya wake.

"Nipo, Baba."

Macho yake yalinipita, yakarudi, yakatua. Akanishika sikio, pole pole, kama mtu anayejaribu kitambaa.

"Umetoka shule?"

"Nimetoka."

"Leo mmesoma nini?"

"Hesabu."

"Umepata ngapi?"

"Zote, Baba."

"Najua." Akapumua, kifua kikakwaruza. "Wananipeleka mahali. Wewe baki. Sikiliza, Robo. Hata mimi mwenyewe nikija kukutoa, usitoke. Umesikia? Nikija na mkono huu, nikakwambia twende, ung'ang'anie dawati. Usinitii."

"Sitakutii, Baba."

"Haya. Kasome."

Akalegeza sikio langu. Gari likaondoka, taratibu kwenye mashimo, na kabla halijafika kona nikamwona amegeuka kwa dereva, anamuuliza kitu, ana ile sura ya adabu anayokuwa nayo kwa wasiowajua.

Jumatatu, siku ya 59

Jua. Bata tisa. Saa nne kamili nimewakuta wamejipanga langoni, wakubwa mbele, wanasubiri.